Bilan: namna ya kulifasiri neno moja sugu la Kifaransa katika ripoti ya hospitali

Kazi ya namna hii hunijia mara nyingi jioni, kwa WhatsApp. Ni kurasa mbili au tatu zilizopigwa picha juu ya meza ya nyumba ya wageni, kivuli cha simu kikiwa kimeangukia muhuri wa daktari, na chini yake ujumbe wa jamaa wa mgonjwa kwamba wametoka Bukavu au Bujumbura, kwamba wana miadi Upper Hill kesho saa tatu asubuhi, na kwamba daktari wa Nairobi amesema hawezi kuanza na karatasi asizoweza kuzisoma. Ripoti ni ya Kifaransa, hospitali za hapa huweka kumbukumbu zao kwa Kiingereza, na mfasiri yuko katikati akiwa na usiku mmoja. Majina marefu ya magonjwa hayamsumbui sana, kwa kuwa mengi yametokana na Kigiriki na Kilatini, na hufanana katika lugha zote mbili. Linalomkwaza ni neno fupi ambalo huweza kujitokeza mara tano au sita katika ukurasa mmoja, kila mara likiwa na kazi nyingine: bilan.

Neno hilo asili yake ni bilancio la Kiitaliano, neno la wafanyabiashara na mizani yao. Mhasibu Mfaransa akisema bilan anakusudia taarifa ya mali na madeni ya kampuni. Kampuni ikifilisika husemwa kuwa imeweka bilan yake mahakamani. Na mtangazaji wa habari akitoa bilan ya ajali ya basi anataja idadi ya waliokufa na waliojeruhiwa. Wazo ni lile lile popote: simama, kusanya kilichopo, tazama mambo yamefikia wapi. Kiingereza hakina neno moja linaloweza kubeba hayo yote, na lile linalofanana nalo kwa sura, “balance”, ndilo litakalokupotosha kuliko mengine.

Hatua ya kwanza: zungushia duara kila bilan kabla ya kufasiri lolote

Isome ripoti yote, tangu jina la idara hadi sahihi ya daktari, bila kuandika neno hata moja la Kiingereza. Kila unapokutana na bilan, izungushie duara na uipe nambari. Kisha pigia mstari neno linaloifuata, kwa maana nomino hii hufuatwa na kivumishi chake kama ilivyo desturi ya Kiswahili, na pigia mstari wa pili kitenzi kinachohusiana nayo, ikiwa kipo. Mara nyingi hakipo. Madaktari wa Kifaransa huandika kwa mkato kama madaktari wetu, na sentensi nzima inaweza kuwa maneno matatu tu, bila kiima wala kitenzi.

Nambari hizo utazihitaji mwishoni. Ripoti yenye bilan sita lazima itoe maelezo sita upande wa Kiingereza, hata kama kila moja limefasiriwa kwa neno tofauti.

Hatua ya pili: lipitishe neno katika Kiswahili kwanza

Wengi wetu tuliosomea Kifaransa jijini tulizoezwa kuruka moja kwa moja kutoka lugha moja ya kigeni hadi nyingine, na Kiswahili kikaachwa mlangoni pamoja na viatu. Kwa neno hili nashauri kinyume chake. Sikiliza mazungumzo ya ukumbi wowote wa kungojea matibabu. Mgonjwa anaambiwa, “Nenda ukafanye vipimo,” na hapo vipimo ni kazi ya kutolewa damu. Baada ya saa mbili anauliza, “Vipimo vimetoka?” na sasa vipimo ni karatasi ya majibu. Jioni dada yake anawaambia wa nyumbani kwamba vipimo si vizuri, na hapo vipimo ni hali ya mgonjwa mwenyewe. Neno moja limebeba agizo, tendo na jibu, na hakuna aliyechanganyikiwa. Bilan hufanya vivyo hivyo, na msemaji wa Kiswahili ana bahati ya kuijua tabia hiyo tangu utotoni.

Kwa hiyo, kwenye kila duara jiulize: hapa ningesema nini kwa Kiswahili? Ikiwa jibu ni vipimo, Kiingereza chako kitakuwa “tests” au “investigations”, au “results” iwapo kinachozungumziwa ni majibu. Ikiwa jibu ni tathmini, kama pale mtaalamu anapokaa na mgonjwa akimtazama anavyotembea, anavyomeza au anavyokumbuka, andika “assessment”. Ikiwa ni kusaka chanzo cha jambo lisiloeleweka, Mmarekani atapenda “work-up”, lakini daktari wa Nairobi ataelewa haraka zaidi ukiandika “investigation of” na kutaja dalili. Na ikiwa ni hesabu halisi, ya kilichoingia na kilichotoka, hapo peke yake ndipo “balance” inapostahili kukaa.

Hatua ya tatu: kichunguze kivumishi

Kivumishi ndicho kitakachoamua. Tuanze na bilan biologique, kwa sababu ndiyo inayoonekana zaidi na ndiyo inayofasiriwa vibaya zaidi. Katika hospitali za Kifaransa, biologie ni kazi ya maabara. Kwa hiyo bilan biologique si “biological assessment” bali ni “laboratory tests”, au “blood tests” pale ambapo una hakika kwamba hapakuwa na mkojo wala majimaji mengine yaliyopimwa. Mwenzake ni bilan morphologique, ambayo haihusu maabara hata kidogo, bali ni picha: ekografia (yaani ultrasound), eksirei, skani.

Bilan hépatique ni “liver function tests”. Ndani yake utakuta vifupisho ASAT na ALAT, vya vimeng'enya vya ini, ambavyo kwa Kiingereza huwa AST na ALT. Bilan lipidique ni “lipid profile”, bilan thyroïdien ni “thyroid function tests”, na bilan prénatal ina jina lake tayari katika kliniki zetu za wajawazito, “antenatal profile”, ambalo lina faida ya kueleweka na kila muuguzi wa hapa. Bilan rénal inahitaji uangalifu kidogo. Madaktari wa Kenya huzoea kuandika UECs, yaani urea, elektroliti na kreatinini kwa pamoja, na mfasiri anayetaka kuonekana mwenyeji wa wodi huvutiwa kuiweka. Usifanye hivyo kabla ya kutazama orodha ya majibu. Ikiwa maabara ilipima urea na kreatinini tu, ukiandika UECs utakuwa umempa mgonjwa kipimo cha sodiamu na potasiamu ambacho hakikufanywa. “Renal function tests” inatosha.

Kuna moja ambayo humshangaza kila anayekutana nayo mara ya kwanza: bilan martial. Haina uhusiano wowote na vita. Wanaalkemia wa zamani waliipa kila metali sayari yake, chuma kikapewa Mars, na utabibu wa Kifaransa ukaendelea kuita upungufu wa chuma mwilini carence martiale. Kwa hiyo bilan martial ni “iron studies”: ferritini, transferrini na jamaa zao. Programu za kufasiri mtandaoni siku hizi hulipata neno hili mara nyingi, lakini mara nyingi si mara zote, na mstari mmoja unaosema mgonjwa alifanyiwa “martial assessment” unatosha kumfanya daktari aitilie shaka ripoti nzima.

Sasa bilan d'extension, ambayo nitaikalia kidogo kwa kuwa niliwahi kuikosea mwenyewe. Katika miaka yangu ya mwanzo niliandika kwamba “extension assessment” ya mgonjwa ilikuwa “negative”, nikaituma, nikalala. Kesho yake daktari alipiga simu kuuliza, kwa upole ambao uliniuma kuliko ukali, ni kiungo kipi cha mwili kilichoshindwa kunyooka. Extension hapa si kunyooka kwa kiungo, kama alivyoielewa daktari kwa Kiingereza, bali ni kuenea kwa saratani. Bilan d'extension ni uchunguzi unaofanywa baada ya uvimbe kugunduliwa, mara nyingi kwa skani ya kifua, tumbo na nyonga, ili kujua kama ugonjwa umevuka mipaka yake. Kiingereza chake ni “staging investigations”. Ikisemwa kuwa ni négatif, maana yake ni habari njema, na Kiingereza kinachosomeka vizuri ni “showed no evidence of spread”. Laiti ningejiuliza kwa Kiswahili, ningesema “walitazama kama imesambaa, hawakuona,” na simu ile isingepigwa.

Bilan d'hémostase, yaani vipimo vya kuganda kwa damu, ni “coagulation screen”. Humo mna TP, ambayo Wafaransa huiandika kwa asilimia, ilhali “prothrombin time” ya Kiingereza huandikwa kwa sekunde au kwa INR, uwiano wa kimataifa. Acha asilimia ibaki asilimia na uiite “prothrombin level”. Mna pia TCA, ambayo kwa Kiingereza ni APTT. Ukiiacha ilivyo, msomaji wa Kiingereza anaweza kudhani ni kundi la dawa za sonona.

Zilizobaki zipite haraka. Bilan infectieux ni “infection screen”. Bilan lésionnel, baada ya ajali, ni orodha ya majeraha yaliyopatikana, “injuries identified”. Watu wa ambulansi wana bilan primaire na bilan secondaire, ambazo ni “primary survey” na “secondary survey”. Wataalamu wa viungo, wa matamshi na wa kumbukumbu wana bilan zao, na zote hizo ni “assessment”. Bilan hydrique, au bilan entrées-sorties, ni majimaji aliyonywa na kutiliwa mgonjwa yakilinganishwa na aliyoyatoa, yaani “fluid balance”, na hapo “balance”, ndugu yetu wa uongo, anakuwa ndugu wa kweli.

Hatua ya nne: ijue saa ya jambo

Kivumishi kinakuambia bilan ya nini. Neno linalobaki linakuambia imefikia wapi. Bilan demandé imeagizwa tu. Bilan en cours bado inaendelea, na ikiwa damu imekwisha kupelekwa maabara “results pending” ni sahihi kuliko “investigations under way”. Bilan perturbé ina majibu yasiyo ya kawaida. Wenyeji wa wodi za hapa husema “deranged”, nami huandika “abnormal”, kwa kuwa hati hiyo hiyo inaweza kusomwa na kampuni ya bima. Bilan sans particularité haina jambo la kutajwa: “unremarkable”.

Bilan négatif ina mtego wake. Katika gazeti, bilan négatif ya serikali ni lawama: mambo yamekwenda vibaya. Katika ripoti ya daktari ni kinyume, au karibu na kinyume, kwa maana hakuna kilichoonekana. Lakini ikiwa ni bilan étiologique négatif, yaani walisaka chanzo cha ugonjwa wasikipate, hiyo si habari njema kwa mgonjwa ambaye bado ana homa. Usiandike “negative” peke yake. Andika “no cause was found”.

Bilan de contrôle nayo si udhibiti wa chochote. Ni vipimo vya kurudiwa: “repeat tests” au “follow-up tests”. Ikiandikwa à J7, herufi J ni jour, siku, na Kiingereza chake ni “on day 7”.

Mfano mmoja, duara kwa duara

Hii hapa ni aya niliyoitunga kwa kufuata mwendo wa ripoti za kila siku:

“Patiente de 54 ans, hospitalisée pour bilan d'une altération de l'état général avec amaigrissement de 9 kg. Bilan biologique standard sans particularité hormis une anémie à 8,5 g/dL. Bilan martial perturbé avec ferritine effondrée. La coloscopie met en évidence une tumeur du côlon droit. Bilan d'extension négatif. Bilan préopératoire en cours. Nous vous l'adressons pour prise en charge.”

Bilan ni tano. Ya kwanza haina kivumishi, inafuatwa na dalili: wamemlaza wasake chanzo. Ya pili ni vipimo vya kawaida vya maabara. Ya tatu ni chuma. Ya nne ni kuenea. Ya tano ni matayarisho ya upasuaji, ambayo yana vipimo lakini yana pia daktari wa nusukaputi anayemtazama mgonjwa, kwa hiyo tathmini inafaa kuliko vipimo. Kiingereza changu kingekuwa hiki:

“A 54-year-old woman, admitted for investigation of a decline in her general condition, with a weight loss of 9 kg. Routine laboratory tests were unremarkable apart from anaemia, with a haemoglobin of 8.5 g/dL. Iron studies were abnormal, with a very low ferritin. Colonoscopy showed a tumour of the right colon. Staging investigations showed no evidence of spread. Preoperative assessment is under way. We are referring her to you for management.”

Tazama kwamba neno “haemoglobin” halimo katika Kifaransa. Nimeliongeza kwa sababu Mfaransa husema anemia ya 8,5 na kila mtu akaelewa ni kipimo gani, ilhali Kiingereza hutaka kipimo kitajwe. Hiyo si kuongeza habari, ni kuitamka. Tazama pia tahajia: “anaemia” na “tumour”, kwa kuwa msomaji yuko Nairobi. Na altération de l'état général inastahili mfasiri ajue kwamba kwa daktari wa Kifaransa huashiria mambo matatu kwa pamoja, uchovu, kukosa hamu ya chakula na kukonda, ingawa sikuyaandika matatu hayo, kwa maana mwandishi alitaja moja tu.

Hatua ya tano: namba zinazofuatana na bilan

Hapa usiwe mbunifu. Mkato wa desimali wa Kifaransa unakuwa nukta, 8,5 ikawa 8.5, na vizio hubaki vilivyo. Tatizo kubwa ni kreatinini. Maabara nyingi za Kifaransa huiandika kwa miligramu kwa lita, na 12 mg/L ni sawa na 1.2 mg/dL, au karibu mikromoli 106 kwa lita. Mfasiri aliyechoka akiandika 12 mg/dL amempa mgonjwa figo zilizokufa. Nakili kizio herufi kwa herufi, na ikiwa mteja ameomba ubadilishaji, uweke katika maelezo ya mfasiri chini ya ukurasa, kamwe usiweke ndani ya matini. NFS, ambayo ni hesabu ya chembe za damu, madaktari wa Kenya huiita “full haemogram”; VS ni ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu kutuama; na GB katika orodha hiyo ni chembe nyeupe.

Hatua ya sita: hakiki, na uulize

Kamusi ya lugha mbili itakupa orodha ya maneno, lakini haitakuambia lipi linasemwa wapi. Njia ninayoiamini zaidi ni kusoma matini mbili zilizoandikwa kila moja katika lugha yake kuhusu ugonjwa mmoja: miongozo ya Haute Autorité de Santé ya Ufaransa kwa upande mmoja, na ya NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, au ya Wizara ya Afya ya Kenya kwa upande wa pili. Machapisho ya Shirika la Afya Duniani, ambayo mengi hutolewa kwa Kifaransa na Kiingereza, nayo yanafaa, ingawa mara nyingi upande mmoja ni tafsiri ya mwingine, na tafsiri hubeba makosa ya watu wengine.

Ukitaka kujaribu sentensi katika programu ya bure ya mtandaoni, futa kwanza jina, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya faili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na hata bila sheria, mama wa watu hakukukabidhi uvimbe wake ili uusambaze.

Kisha rudi kwenye maduara. Weka kidole kwenye nambari ya kwanza upande wa Kifaransa na kidole kingine kwenye Kiingereza chake, na usihame mpaka umeridhika. Ikiwa moja haieleweki, uliza. Ripoti nyingi huwa na nambari ya simu ya idara kwenye kichwa cha karatasi, na hapa mfasiri wa Nairobi ana njia ambayo mwenzake wa London hana: Bukavu, Goma na Bujumbura huzungumza Kiswahili. Omba kwanza ruhusa ya familia, salimia kama inavyostahili, jitambulishe, na uulize: “Samahani daktari, hii bilan préopératoire mliyoandika kuwa en cours, vipimo vilisharudi ao bado?” Hiyo “ao”, yaani “au”, ni ya Kiswahili cha kwao, ukiitumia watakuchukulia kama mtu wa nyumbani.

Tuseme ukaambiwa kwamba majibu yalirudi juzi na yako sawa. Usiguse sentensi yako. Ripoti inasema “is under way”, na siku ilipotiwa sahihi hilo lilikuwa kweli. Andika chini ya ukurasa maelezo ya mfasiri, ukitaja kwamba hali hiyo ni ya tarehe ya ripoti na kwamba kwa mujibu wa idara iliyoandika, kwa simu, majibu yamepatikana. Kisha uwaombe waitumie familia karatasi ya majibu usiku huo huo, nawe uifasiri pamoja na zile nyingine kabla ya saa tatu.